Mulango wa Tonton Abdulhamid

Kila asubui, akitoka kusali, mbele ya kunywa chai, tonton Abdulhamid alikuwa anapangusa mulango. Si mulango wa nyumba alimolala. Ile ilikuwa ya kukodi, pale Mangobo, na mulango wake ulikuwa wa triplex tu, kibao chembamba, ukipiga chafya unafunguka wenyewe. Ule aliopangusa ulikuwa umeegemea ukuta ndani ya salon, sebuleni, gunia chini yake ili muchwa wasiufikie. Mbao ya kambala, vibao sita vya panneaux, aliichonga kwa mikono yake. Alilowesha kitambaa na mafuta kidogo, akapita juu mpaka chini, polepole, kama mutu anaogesha mutoto. Mugeni akiingia, ilibidi apite ubavu.

"Abdulhamid, huu mulango unangoja nini?"

"Unangoja nyumba yake."

Watu wakacheka. Nusu ya Mangobo inafunga milango ya tonton, lakini yeye na muke wake, mama Nasra, walikuwa wamehama mara tano. Kila mara mulango ulitangulia, umefungwa juu ya toleka, baiskeli ya kubeba watu na mizigo, na tonton nyuma yake kwa miguu, mukono mumoja juu ya mbao.

Mimi ni mutoto wa kaka yake mukubwa. Papa yangu, Mohamadi, ndiye mukubwa wa famille tangu babu alipofariki. Masomo niliacha troisième primaire, mwaka wa tatu, basi mchana nilikuwa kwa mama Nasra, tunapika, na chai ya tonton nilikuwa ninaipeleka mimi.

Halafu watu wa serikali wakagawanya mashamba ya mihogo nyuma ya Mangobo. Wakapiga vigingi, wakaita lotissement. Tonton alikuwa ameweka akiba miaka mingi, akaenda kulipa parcelle moja, kiwanja cha kujenga. Nilimufuata. Kwenye bureau, agent akageuza kadi yake ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho kwetu, mbele na nyuma.

"Papa, hii kadi haina mutu."

Tonton alikuwa anaibeba kila siku ndani ya mfuko wa shati ya kazi. Jasho na vumbi ya mbao vilikula jina, vikala na sura. Kulibaki kivuli ya masikio.

"Mutu iko mbele yako," tonton akamuambia.

"Mimi naandika kadi, siandike masikio. Leta kadi yenye kusomeka leo leo. Unaona watu nyuma yako? Kesho parcelle itakuwa ya mwengine."

Kadi ya papa yangu ilikuwa mupya kabisa. Aliiweka nyumbani, ndani ya plastiki, pamoja na Msahafu. Tonton akamuita, akaja saa ileile, amevaa kanzu nyeupe, akaandikwa yeye. Tulipotoka inje tonton akanipa karatasi.

"Nyota, soma."

Nikasoma. Jina la papa, jina la babu, namba ya parcelle. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bon. Jina la mukubwa ni jina letu sote. Nikipata kadi ingine, tutabadilisha."

Papa akasema, "Bila shaka, leki yangu, mudogo wangu," akapanda moto, pikipiki yake, akaenda.

Mama Nasra alipopata habari hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mumeandikishana pembeni? Hata kwa karatasi ya cahier?" Tonton akamuangalia kama ametukana. Kwetu mudogo hawezi kuuliza mukubwa wake karatasi ya namna ile. Ni kumuambia: wewe mwizi. Mama Nasra akarudi kwa pondu yake, majani ya mihogo, akaitwanga kwa nguvu kuliko inavyotaka.

Matofali yalitoka palepale ndani ya parcelle. Tonton alichimba shimo, mama Nasra akakanyaga udongo na miguu, mimi nikichota maji. Lile shimo baadaye likawa choo, kwa hiyo hata kuchimba hakukupotea. Papa alikuja siku moja, siku ya fondation. Tonton ndiye alimuita: mukubwa asome Fatiha, aweke tofali ya kwanza. Akasoma vizuri, sauti ya papa ni nzuri. Akaweka tofali, akapangusa mikono, akala lituma ya ndizi na samaki, akaenda. Tofali ingine zote aliweka tonton, siku za Jumapili na jioni, akitoka atelier yake ya useremala.

Ikachukua miaka miwili. Siku ya kuweka mulango alimukataza kila mutu kumusaidia. Alikaza paumelles, bawaba zake, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, sikio karibu na mbao. Haukulia. Mama Nasra akasema, "Sasa utaanza kunipangusa mimi," na kwa mara ya kwanza nikaona tonton anacheka mpaka anakaa chini.

Miezi mitatu baadaye, mwenye nyumba aliyokodi papa akaiuzisha. Tulifika kwa tonton na magodoro.

"Wiki mbili tu," papa akasema.

Tonton akatupa chumba kikubwa. Wiki mbili zikawa masika nzima. Papa alizoea kukaa barazani, juu ya fauteuil ya tonton, anasalimia wapita njia. Majirani, wapya wote, wakaanza kumuita Papa Parcelle. Tonton alisikia. Kila asubui alitoka na kitambaa, akapangusa mulango, na papa alisogeza miguu ili asilowe mafuta.

Siku moja watu wa bureau wakapita na kamba ya kupimia na chaki, kuandika mikataba ya kweli. Tonton alikuwa juu ya ngazi, anapiga mbao za chini ya tôle, mabati ya paa, misumari minne kati ya midomo.

"Mwenye parcelle ni nani?"

Papa akajibu kutoka kwa fauteuil: "Ni mimi."

Tonton akageuka. Akatoa misumari mumoja mumoja, akaitia mfukoni, akangoja. Nilijua anangoja nini. Alifikiri papa bado hajamaliza kusema. Papa akachukua kalamu ya bic.

Tonton akashuka, akaingia ndani, akarudi na kadi mupya, aliipata mwezi ule. "Kadi yangu iko," akasema. "Inasomeka."

Agent akaangalia kadi, akaangalia papa.

"Huyu ni leki yangu," papa akasema. "Anakaa hapa kwangu."

Akatia sahihi. Agent akaandika namba kwenye ukuta na chaki, karibu kabisa na mulango, wakaendelea kwa jirani.

Baada ya alasiri tukakaa juu ya mukeka, wote.

"Yaya, mukubwa wangu, sema ukweli," tonton akaanza.

"Ukweli gani? Tulikula sahani moja, mimi na wewe. Leo unataka tukate nyumba na musumeno? Ni wewe ulisema jina la mukubwa ni jina letu sote. Nyota alikuwa pale." Akanigeukia. "Nyota, tonton yako alisema vile?"

Wakaniangalia. Tonton pia aliniangalia, na uso wake ulikuwa na raha kidogo, kama mutu ameona shahidi wake anaingia.

"Alisema," nikajibu.

Maneno yale mengine, ya kadi ingine na kubadilisha, yalikuwa mudomoni mwangu. Papa alikuwa ananiangalia. Nikaangalia mukeka.

"Unaona?" papa akasema. "Na mimi sikufukuze. Chumba cha nyuma iko."

"Kile cha mbuzi?" mama Nasra akauliza.

"Mbuzi haina mudomo kama wako."

Kaka yangu akacheka. Tonton alikuwa anavuta uzi mumoja wa mukeka, taratibu, mpaka ukatoka.

Kesho yake mama Nasra akafunga sufuria zake ndani ya kikwembe, kitenge chake, akaenda kwa ndugu zake kule Opala. Hakuniaga. Tonton akabaki wiki moja, akilala atelier, lakini asubui alikuja, akapangusa mulango wake, akanywa chai niliyomupa akiwa amesimama, akaenda.

Siku ya nane hakuja na kitambaa. Alikuja na tournevis, bisibisi yake, na toleka ikimungoja barabarani. Akaanza na paumelle ya juu.

"Nani anaingiza baridi?" papa akauliza toka ndani.

"Nachukua yangu. Huu mulango haiko na jina kwenye karatasi."

Papa akatoka amefunga kikwembe kiunoni. Akaangalia, akapiga miayo. "Chukua. Utachoka na uzito, jioni utaurudisha."

Tonton akatia misumari ya vis ndani ya mfuko wa shati, pale kadi ilipokuwa inakaa. Nilikuwa nimemuwekea chai juu ya kizingiti. Alipobeba mulango mugongoni aliruka ile glasi, kwa uangalifu, bila kuigusa, bila kuniangalia. Wakaufunga na kamba juu ya toleka.

"Papa, tunaenda wapi?" kijana wa baiskeli akauliza.

"Beach, pale bandarini. Kwa baleinière, ile mashua ya kwenda Basoko."

Akaenda nyuma yake kwa miguu, mukono mumoja juu ya mbao, mpaka kwa kona ya mihogo, na hajarudi tena. Mama yangu akatundika kikwembe pale mulango ulipokuwa. Papa akakaa kwa fauteuil, akaona glasi juu ya kizingiti, akaonja. Ilikuwa bado ya moto. Akainywa yote.