Tikiti Moja, Watu Wawili

Bibi yangu kule Mulanda hakutaka mtu ahesabu vifaranga vyake. Ukimuuliza ana vingapi, anajibu, "Vipo." Basi. Siku moja nilivihesabu kwa kidole, mwewe akaja akachukua kimoja. Bibi hakunipiga. Alininyima maneno siku mbili, na heri angenipiga. Mwewe angekuja tu, najua. Lakini nilimkumbuka bibi siku niliyoajiriwa kuhesabu watu.

Ulikuwa wakati wa Waingereza. Shule niliishia darasa la tatu, ila nilijua Kidhopadhola, Kisamia, Kiteso na hiki Kiswahili chetu cha mpakani. Ofisa wa kazi wa Tororo, tuliyemwita Bwana Leba, alinipa fomu, penseli na baiskeli isiyo na breki.

"Enda kila duka na kila kiwanda," alisema. "Uliza wangapi wana kazi, wangapi wameongezwa, wangapi wanangoja getini. Andika unachoona, si unachoambiwa."

Nikazunguka hadi Busia, baiskeli naisimamisha kwa nyayo. Wenye maduka walidhani nimeleta kodi. Fundi anashona barazani, tajiri wake ananiambia, "Huyu? Mgeni tu, amekuja kusalimia." Na cherehani yake amekuja nayo kusalimia.

Pale kiwanda cha kuchambua pamba walikuwapo Wandera na Ouma, ndugu wa mke wangu. Kibarua alipewa tikiti, kadi ya siku thelathini za kazi, na nyapara aliitia alama kila siku. Hawa wawili walitumia tikiti moja, yenye jina la Ouma. Vumbi la pamba lilikuwa limemwingia Ouma kifuani, kwa hiyo akibeba marobota siku mbili, Wandera anabeba tatu, mwenzake anapumzika na kupalilia wimbi. Nyapara alijua. Wengi pale waliishi hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Mimi nikaandika: tikiti moja, watu wawili.

Bwana Leba alifurahi. "Umeona ambacho wengine hawakuona," akasema, na nakala ikaenda kwa meneja wa kiwanda. Sikufikiri. Nilikuwa nimesifiwa.

Wiki hiyo hiyo nyapara alisimama getini: mwenye jina aingie mwenyewe siku zote thelathini, mwingine asionekane. Wandera akafukuzwa. Ouma akabeba peke yake. Siku ya tisa akalala chini kando ya marobota, wakamrudisha nyumbani kwa machela ya magunia. Hakuinuka tena.

Baada ya mazishi Wandera alikuja kwangu. Hakukaa.

"Shemeji, ni wewe ulituhesabu?"

"Ni mimi."

"Basi rekebisha karatasi yako. Sasa tikiti hakuna, mtu ni mmoja."

Mke wangu alisikia. Chakula alinipa, maneno hakunipa.

Mwezi uliofuata Bwana Leba alinituma kiwanda kile kile, nikaangalie kama nafasi zimeongezeka. Moja ilikuwapo, ya Ouma. Getini walikuwa wamesimama wanaume wengi wakiingoja, wengine nawajua kwa majina. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikabana fomu na penseli kwenye keria, nikashika njia ya Mulanda kwa miguu.

"Karani," nyapara akaniita, "hawa hujawahesabu."

Sikugeuka, na pale sijakanyaga tena.