Piano Niliyoikaza kwa Redio Kaseti

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Piano yetu ya kwaya ilipopotoka sauti, fundi ilibidi aitwe kutoka Nairobi, nami mwalimu wa kwaya hapa Mwanza nilitamani sana kujua ndani yake mna nini. Siku hizi maduka yamejaa vitu vya nje, basi nikajinunulia spana ya kukazia nyuzi. Nikarekodi piano nzuri ya Bukoba kwenye kaseti, kisha nikakaza nyuzi moja moja nikifuatisha kaseti hiyo kwenye redio ya betri, toka sauti nene hadi nyembamba.

Jumapili wimbo ulipopanda, piano ikagoma kupanda. Waimbaji wakabaki midomo wazi.

“Mwalimu, ulifuatisha nini?” akauliza Mama Koku, mwenyekiti wa kwaya.

Nikawasha redio kwa kujiamini. Kaseti ikazunguka polepole, ikakoroma kama ng'ombe mgonjwa. Mama Koku akafungua mfuniko wa nyuma.

“Mwalimu, hizi si zilezile betri zilizochoka ulizokuwa unaanika juani?”