Hodi ya Pili

Siku hiyo Salim alikuwa juu ya paa akibadilisha makuti mabovu, nasi wasichana tukimchokoza kwamba atatuangukia kabla hajaoa. Alikuwa mwana wa pekee wa Bi Zuwena. Nyumba yenyewe, pwani inayotazamana na kisiwa cha Kojani, haikuwa na la kujivunia: vyumba viwili na jiko uani. Babu yake Bi Zuwena, mwenye mashamba ya karafuu, ndiye aliyeijengesha. Babu yangu fundi akapewa chumba kimoja kwa kazi yake. Tangu hapo, kila Sikukuu tulihamia huko familia zote mbili.

Baada ya wiki chache risasi zililia Wete. Salim alikuwa miongoni mwa walioandamana kupinga matokeo ya uchaguzi. Alitufikia nyumbani Tibirinzi na damu ya mwenzake kwenye kanzu, na tukasikia anatafutwa. Tukamkimbizia pwani, Bi Zuwena, mama yangu na mimi. Mvuvi mmoja wa Kojani alikubali kumvusha hadi Kenya alasiri, maji yakijaa.

Asubuhi tulikaa kimya, mlango umefungwa. Mama aliinamia ungo akichagua mchele, akili haipo.

"Hodi," mwanamume alisema nje. Sauti ya upole, si ya Mpemba.

Salim akaingia chini ya kitanda.

"Hodi."

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, huenda zake. Ilibaki moja.

"Karibu," mama akasema.

Hakuinua hata kichwa. Kisha ungo ukamponyoka.

Askari walimtoa Salim bila kumpiga. Mmoja alimwambia Bi Zuwena, "Tunamhoji tu, mama. Atarudi."

Hakurudi. Tuliuliza vituoni, hospitalini, mpaka Unguja. Hakuna aliyekiri kumwona.

Mama alimwangukia Bi Zuwena miguuni akiomba radhi.

"Inuka, shoga," Bi Zuwena akamwambia. "Hata mie ningeitikia."

Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini hawakukanyaga tena pwani, yeye wala mama. Makuti yalioza, mipapai ikaota vyumbani. Watu wa hoteli wananiuliza bei. Nawajibu siuzi, na nikiulizwa kwa nini, hasira zinanipanda.

Mwaka jana mama alifariki. Bi Zuwena alikuja, mgongo umepinda, akasema atamkosha mwenyewe. Mimi nilimmiminia maji. Alimkosha taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akimsemesha.

Alipomaliza alikaa chini, mikono imelowa, akanitazama.

"Salim wangu," akasema, "kakoshwa na nani?"