Gari Tulilolivua Gwanda

Enzi zetu mtaani Nyakabanda, gari halikukupigia kelele eti umekaribia ukuta. Liliingia kwenye tope, likatoka, basi. Wa rika langu mtalikumbuka gari la jeep la baba yangu, yule fundi cherehani, alilolinunua kwenye gereji za Gatsata likiwa limeshachoshwa na jeshi. Halikuwa na milango. Viti vya nyuma vilitazamana, na mgongoni mwa kiti cha dereva palikuwa na kishikizo cha chuma cha kuwekea bunduki. Mama alilizunguka mara moja, akatundika mwavuli wake pale pale.

Baba alilipaka buluu, tena rangi ya milango ya nyumba, juu ya ile ya kijani bila kukwangua. Masika yalipofika, buluu yote ikabanduka. Tukatokea sokoni na kijani ya jeshi, na akina mama wakatimua mbio, wakaacha ndizi na viatu! Baba aliona aibu, jamani. Jumamosi ile aliwaita watoto wote wa mtaa, akatugawia msasa.

"Livueni gwanda hilo," akasema. "Sugueni mpaka bati libaki uchi!"

Tulisugua Jumamosi nne, vidole vikachubuka, mama akitupoza kwa chai ya maziwa na viazi vitamu. Likapakwa upya. Baada ya hapo akina mama wale wale ndio waliolisimamisha njiani. Lilibeba magunia, maharusi, wagonjwa. Dada yangu Zubeda alizaliwa humo humo, kiti cha nyuma, mama kakishika kile kishikizo cha bunduki kwa mikono miwili.

Sasa mwanangu Idrisa, kijana wa simu mbili, juzi kaniletea mteja wa gari lile, ambalo sasa ni langu. Bwana mmoja mwenye baa mtaa wa Gisimenti. Anataka alipake kijani tena, aliweke mlangoni, atundike bunduki ya mbao palipo na mwavuli, vijana wapige picha.

"Papa, hii gari iko inaoza tu," Idrisa akaninong'oneza. "Uza."

Inaoza! Mtoto aliyekulia kwenye lami inayofagiliwa kila asubuhi, tope kaliona wapi? Sikatai, lami ni nzuri, na mgonjwa leo hufuatwa na ambulensi. Lakini hasira zilinipanda. Nikamwambia mteja kavu kavu: haliuzwi.

"Mzee, si lilikuwa la jeshi tangu mwanzo?"

"Lilikuwa. Nalijua kuliko wewe, nililikwangua kwa vidole hivi."

Enzi zile mtaa mzima ulihangaika kulitoa jeshini. Leo wanataka kulirudisha, kwa ajili ya picha! Halirudi, nikiwa hai. Na Idrisa Jumamosi hii atashika msasa, maana kutu imeanza kwenye boneti.

Mvua ilikuwa inaanza, na mgeni hata akikuudhi husindikizwa. Nikauchomoa mwavuli wa mama kwenye kishikizo, ule ule, kiraka juu ya kiraka, nikamfunika yule bwana mpaka barabarani. Kisha nikaurudisha mahali pake.