Mbuzi Aliyepakwa Mafuta

Benedicta alikulia Nyakahura, kwa baba mfugaji asiye na maneno mengi. Ukimpiga ndama teke mbele ya mzee yule, siku hiyo ulilala na njaa. Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa na kampuni ya kununua mahindi na maharage, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ghala. Kazi aliipenda. Kilichomkera ni bonanza la wafanyakazi, siku ya michezo ya kila mwaka.

Mwaka mmoja meneja wao, Wiston, alileta mchezo mpya. Mbuzi angepakwa mafuta ya kupikia mwili mzima na kufunguliwa uwanjani, timu mbili zimgombanie.

"Mchezo huu unajenga ushirikiano!" alitangaza kwenye kipaza sauti, na wafanyakazi pamoja na wageni waalikwa wakashangilia.

Mbuzi akafunguliwa. Wakamvamia, wakamshika miguu, wakateleza, wakamrukia tena. Mnyama alikuwa analia kama mtoto mchanga. Mpakiaji mmoja, Fideli, akamwangukia mguu wa nyuma, na mbuzi alipoinuka alikuwa anachechemea. Vicheko vikazidi.

Benedicta hakukumbuka baadaye alivyoinuka. Alijikuta katikati ya uwanja, amevua mtandio wake, amemfunika nao mbuzi na kumkumbatia. Akakaa naye chini. Mafuta yakamlowesha gauni.

"Dada Benedicta, toka! Unaharibu mchezo!" Wiston aliita.

"Sitoki!" Benedicta alimpazia sauti.

"Si jioni tunamla huyuhuyu?" Wiston aliuliza. "Au wewe nyama huli?"

"Nakula, tena naipenda. Leteni kisu kikali mumchinje sasa hivi, nitawasaidia kuchuna. Lakini kumtesa ili sisi tupendane, hapana."

Fideli akacheka huku akijifuta matope. "Dada Benedicta, ni mbuzi tu huyo!"

"Ndiyo, ni mbuzi. Hakuomba kazi hapa. Mimi na wewe ndio tuliomba."

Wiston akazima muziki, mchezo ukaishia hapo. Jioni mbuzi akachinjwa, na Benedicta akala fungu lake bila aibu.

Jumatatu aliitwa mbele ya wafanyakazi wote aombe radhi. Akasimama.

"Kwa kukupazia sauti mbele ya wageni, meneja, naomba radhi. Kwa kumkumbatia mbuzi siombi. Mwakani mkileta mwingine, nitaingia tena."

Wiston akamvua usimamizi, akamhamishia kituo kidogo cha Kasulo, upande wa Ngara. Benedicta alilia akifungasha, maana ghala lile lilikuwa maisha yake. Lakini alipofika Kasulo na wenzake wapya wakamuuliza amekosa nini, aliwasimulia yote bila kujipunguzia.

Bonanza lililofuata lilipokaribia, wafanyakazi wa Kasulo walituma ujumbe: wangekimbia na magunia, wangevuta kamba, ila mchezo wowote wa mnyama wasihesabiwe. Wiston akapiga simu akifoka.

"Umewachochea wewe!"

"Nimewaeleza tu kwa nini niko huku," alijibu Benedicta. "Kama maelezo hayo ni uchochezi, nihamishe tena."

Hakumhamisha. Mwaka ule hakuletwa mbuzi wala kuku. Timu ya Kasulo ilivuta kamba ikashindwa vibaya, ikaburutwa hadi kwenye tope, naye Benedicta, aliyekuwa mkiani, akaanguka chali huku akicheka kwa sauti. Usimamizi wa ghala hajarudishiwa hadi leo, wala hajauomba.