Uvimbe Ambao Hatukuutoa

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika chumba cha upasuaji mkasi ulinidondoka. Mgonjwa alikuwa mama mwenye saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai. Daktari Mkuu alimpasua tangu kifuani hadi kinenani, akakuta ugonjwa umetapakaa mpaka kwenye ini, akamfunga vilevile. "Tumemuumiza bure," alisema. Mama yule hakupata tena nguvu ya kuanza dawa za saratani. Tangu hapo kila tumbo lililovimba lilinitia hofu.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa kwa Daktari Bingwa wa magonjwa ya wanawake, mama mkali asiyependa maneno mengi. Yeye alitumia laparoskopi, kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo kitovuni. "Nachungulia kwanza," alisema. "Ugonjwa ukiwa wa kutoka wote, napasua. Ukiwa umesambaa, dawa zitangulie ziupunguze, ndipo tupasue."

Akaletwa Mama Neema, mkulima wa kahawa wa Isansa. Kamera ilionyesha punje nyeupe zimeganda kwenye utumbo na chini ya mbavu. Daktari akachukua kipande cha kupima, akashona tundu.

Kwetu ndugu wanaongoja mlangoni huonyeshwa uvimbe kwenye beseni, ndipo wanaamini. Mimi nilitoka mikono mitupu. Kwa woga nikamwambia mumewe, "Daktari atakueleza," nikarudi ndani haraka. Lilikuwa kosa kubwa. Nilipotoka tena alikuwa ameshaita gari.

"Sista, mmechungulia mkaogopa. Mimi nampeleka Kamsamba, kuna mzee wa dawa."

Nilijua akiondoka harudi. Nikamweleza yote, nikilia bila aibu, naye akatikisa kichwa tu. Ndipo Mama Neema, bado ana usingizi wa dawa, akasema kutoka kwenye machela, "Baba Neema, tumbo ni la nani? Mimi nabaki."

Alibaki. Dawa zikausinyaza ugonjwa, tukampasua, ukatoka wote.

Sasa nimestaafu, naishi Chapwa. Juzi Baba Neema alinijia. Saratani ilirudi na mkewe amezikwa, baada ya kumwona Neema akiolewa.

"Sista," alisema, "ningemchukua siku ile, ningemzika mapema, nikasema ni mapenzi ya Mungu."

Nilimkaribisha chai. Nilikuwa nawawaza waume wengine, wale niliowaambia "Daktari atakueleza" nisitoke tena kuwatazama.