Upepo wa Jirani

Mimi kutulia siwezi. Nikialikwa mahali, kabla chai haijamiminwa nishainuka kuangalia madirisha yamekabili wapi. Ndiyo kazi yangu, nachora majengo. Siku nyingi ni magodauni ya Shimanzi, mabati na milango ya malori, kazi isiyo na raha hata chembe. Kwa hiyo kaka yangu aliposema mama ahamie kwake Tononoka kwa sababu ya pumu, nilipandwa na mori.

"Nyumba ile ni tanuri," akasema. "Kwangu kuna kiyoyozi."

"Mama atoke Mji wa Kale akafungiwe kama samaki kwenye friji? Haiwezekani! Nipe msimu mmoja wa joto. Akishindwa kupumua, mchukue."

Tukakubaliana hivyo. Nikajenga ghorofa juu ya paa letu la zege, palipokuwa pakianikwa nguo tu: vyumba viwili vimepakana, kuta nene zilizopakwa chokaa. Kimoja cha mama. Kingine, tena kile kikubwa, changu. Ndiyo, nilijichorea na mimi! Nilikuwa nimechoka kupanga nyumba za watu na kuhamisha godoro kila mara. Nilitaka kurudi kwetu, basi.

Chumba cha mama nilikipigia hesabu za upepo mpaka nikaota. Uingie kwa dirisha la mbele kutoka baharini, upite kitandani, utokee kwa dirisha la nyuma. Sasa hilo la nyuma liko juu ya ua wa jirani, ua wa ndani anapopikia na kukaa kichwa wazi, na kwetu humfungulii mtu dirisha juu ya ua wake hivi hivi. Nikalitia vibao vya mshazari, ukiwa ndani waona mbingu tu. Nilijisifia vibao vile kwa kila aliyekuja.

Joto lilipoanza, mume wa jirani akafariki. Mjane akaingia eda, miezi ile ya kukaa ndani bila kuonekana na wanaume. Na mama akalifunga dirisha la nyuma.

"Mama, huwezi kumwona! Njoo uchungulie mwenyewe."

"Mwenzangu yuko edani. Hebu niwache."

Nikafungua, akafunga. Nikafungua tena, akafunga tena. Chumba kikawa kimekufa, hewa imesimama, kifua chake chapiga filimbi na dawa yake ya kuvuta haimtoki mkononi. Kaka naye haachi kuja. Akaa ukingoni mwa kitanda amsikiliza mama anavyohema, kisha anitazama mimi. Nilikuwa sili nikashiba. Jioni natembea barabara ya ufukweni ya Mama Ngina kwenda na kurudi, mihogo yapoa mkononi, najenga na kubomoa kichwani, na hasira zangu zote ni juu ya mama. Kwa nini awe mkaidi namna hii?

Mwisho, kwa kuwa mimi ni mwanamke mwenzake, nikaenda kwa mjane mwenyewe, nimwombe amwambie mama afungue. Nilimkuta mkekani katika ua wake, ameshika kile kipepeo cha kupepelea jiko, ajipepea nacho. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Joto, mama?" nikamuuliza.

"Ah, si sana, mwanangu. Upepo upo."

Akaendelea kujipepea. Nikatazama kamba ya nguo: leso zimening'inia hazitikisiki hata ncha. Utotoni tulikuwa tukikimbilia ua ule adhuhuri tukalala sakafuni, maana palikuwa baridi kuliko nyumba zote za mtaa wetu. Upepo wa bahari ulikuwa ukipita juu ya paa letu na kushuka mle. Nikainua macho. Palipokuwa na mbingu pamesimama ukuta mrefu, mweupe, wangu. Lile ombi nililokuja nalo sikulitoa.

Nilipanda ngazi zetu mbilimbili hadi kwa mama.

"Mama, ulijua kama tumemzibia jirani upepo?"

"Kwani mimi sina ngozi? Nimejua tangu mafundi walipomaliza. Nitalalaje napigwa na upepo, na mwenzangu yuko hapo chini na kipepeo?"

"Mbona basi hukuniambia?"

Akaitafuta dawa yake, akavuta, akangoja kifua kimtulie.

"Ulikuwa umefurahi kurudi nyumbani," akasema.

Nililia, wallahi, nililia kwa kwikwi na umri wangu huu. Kisha nikawaita mafundi wale wale. Walidhani natania! Chumba changu kikabomolewa chote, rafu, meza ya kazi na ile saruji ya rangi niliyoichagua kwa majuma. Upande ule pakabaki paa wazi kama zamani, upepo ukashuka tena uani kwa jirani. Vumbi lilipotua, mama akaenda mwenyewe dirishani akafungua vibao vyote, akalala mchana ule hata hakukohoa. Kaka alikuja jioni, akamsikiliza anavyohema, akasema haya, nimeshinda. Mama hakwenda Tononoka.

Nimekwenda mimi. Nimepewa kile chumba alichokuwa ametayarishiwa yeye, na kila asubuhi wifi yangu anitilia chai na kuniuliza kwa upole kama nishapazoea. Namwambia nimepazoea.